Daftari la Luteni Toner

Natumaini taa imekwisha washwa na kila mtu amepata mahali pa kukaa. Akina mama wenye watoto mgongoni wakae mbele karibu na redio. Mtoto akilia tutavumiliana.

Leo sitawaeleza habari za mbolea wala za kuchemsha maji. Nitawaeleza habari za vijana tisa waliokwenda vitani kwa ndege na hawakurudi, na za daftari dogo lililokaa mfukoni mwa mmoja wao karibu miaka 17. Mwalimu, kabla sijaanza, tafadhali andika maneno haya manne ubaoni: RUBANI, DIRA, JANGWA, MWAVULI. Chini yake andika mwaka: 1943.

(Mwalimu aandike. Darasa lisome pamoja mara mbili.)

Vizuri. Rubani ni mtu anayeendesha ndege. Zamani neno hili lilikuwa la baharini: rubani ndiye aliyejua njia ya kuingiza chombo bandarini. Ndege zilipokuja, neno likapanda juu pamoja nazo. Dira ni chombo cha kuonyesha kaskazini iko wapi. Jangwa ni nchi kavu isiyo na mvua wala miti. Mwavuli mnaujua, lakini leo nasema ule mkubwa wa kitambaa ambao mtu wa ndege hujifunga mwilini. Akiruka, mwavuli hufunguka, naye hushuka polepole mpaka chini. Wengine huuita parachuti.

Sasa sikilizeni.

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945. Katika vijiji vingi wazee walisimulia habari zake, maana askari wa K.A.R., ambao watu waliwaita Keya, walipelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Wengine waliingizwa katika vikosi vya kazi, wakafika mpaka Misri na Libya kujenga barabara na kupakua meli. Kwa hiyo jangwa ninalolisema leo si geni kabisa kwetu. Wako watu wa Afrika ya Mashariki waliokula mchanga wake.

Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilikuwa na uwanja wa ndege mahali paitwapo Soluch, katika nchi ya Libya, kusini ya mji wa Benghazi. Ndege za hapo zilivuka bahari kwenda kutupa mabomu katika Italia, kisha zikarudi. Zilikuwa ndege kubwa za injini nne, aina iitwayo B-24. Kila ndege ilichukua watu tisa au kumi. Mmoja ni rubani, mwingine ni msaidizi wake, mwingine hupiga hesabu za njia, mwingine huangusha mabomu, mwingine hutazama injini, mwingine hushika simu ya upepo. Waliobaki hulinda ndege kwa bunduki za rasharasha, zile ambazo askari wetu wa zamani waliziita bombomu.

Ndege moja iliandikwa jina ubavuni mwa pua yake, Lady Be Good, yaani kama kusema, Bibi, uwe mwema. Rubani wake alikuwa Luteni William Hatton. Msaidizi wake Luteni Robert Toner. Mwenye hesabu za njia ni Luteni Dp Hays, na wa mabomu Luteni John Woravka. Masajini walikuwa watano: Harold Ripslinger wa injini, Robert LaMotte wa simu ya upepo, na Guy Shelley, Vernon Moore na Samuel Adams wa bunduki. Majina haya ni magumu ulimini mwetu, lakini nimeyataja yote makusudi. Walikuwa watu, wana wa watu.

Jumapili tarehe 4 Aprili 1943, mchana, ndege 25 ziliamriwa kwenda kupiga bandari ya Naples katika Italia. Kwa Hatton na wenzake hii ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita. Siku hiyo upepo ulivuma na kupeperusha mchanga. Mchanga ukaingia katika injini, ndege nyingine zikalazimika kurudi. Lady Be Good iliondoka miongoni mwa za mwisho, ikaendelea. Walipofika karibu na Naples jua lilikuwa limekwisha kuchwa, wakashindwa kuona walilotumwa kupiga. Wakageuka, wakayaacha mabomu yao yaanguke baharini ili ndege iwe nyepesi. Mimi nafurahi kwa hilo, nawaambieni kweli. Naples nayo ilikuwa na akina mama na watoto.

Sasa ni usiku, wako peke yao juu ya mawingu, wanarudi nyumbani. Yapata saa sita na dakika kumi na mbili za usiku, Hatton aliita kwa simu ya upepo. Akasema chombo chake cha kumwonyesha njia hakifanyi kazi, akaomba kituo cha Benina, karibu na Benghazi, kimpe mwelekeo. Kituo kikapima, kikamjibu kwamba yuko upande wa kaskazini-magharibi, yaani bado yuko juu ya bahari, aendelee kuja.

Hapa pana jambo ambalo nataka mlielewe, maana ndilo shina la habari yote. Umesimama njiani usiku wa giza. Unasikia ngoma mbali. Sikio linakuambia kwamba ngoma iko katika njia hii. Lakini iko mbele yako au nyuma yako? Ukikaa kimya kidogo, ukageuza kichwa, pengine utajua. Chombo cha kupimia cha siku zile kilikuwa kama mtu asiyeweza kugeuza kichwa. Kilijua mstari ambao sauti inapita, lakini hakikujua upande. Yule mtu wa kituoni alijua kwamba ndege zinatoka Italia, na Italia iko ng'ambo ya bahari, kaskazini. Basi akajibu kama alivyotazamia. Wengi waliochunguza habari hii wanasema kwamba wakati ule ndege ilikuwa imekwisha pita juu ya pwani na juu ya uwanja wao wenyewe, bila kuuona kwa sababu ya mawingu na giza. Haikuwa kaskazini-magharibi. Ilikuwa kusini-mashariki, katika mstari ule ule, na kila dakika iliwapeleka ndani zaidi ya jangwa.

Wako watu waliomlaumu yule wa kituoni, na wako waliomlaumu Hays wa hesabu za njia. Mimi siwezi. Mtu akiulizwa gizani hujibu kwa kile anachokijua, na kijana katika safari yake ya kwanza husadiki anachoambiwa na wakubwa wa uwanja.

Waliendelea kuruka karibu saa mbili nyingine. Jangwa usiku, ukilitazama toka juu, ni jeusi kama bahari. Saa nane ya usiku mafuta yalikuwa yanakwisha. Wakavaa miavuli yao, wakaruka. Walikuwa pia wamevaa majaketi ya kuelea majini.

(Kimya kidogo. Mwalimu aulize: Kwa nini walivaa majaketi ya kuelea?)

Ndiyo. Walidhani huenda wataanguka baharini. Wakaanguka juu ya changarawe.

Ndege yenyewe, sasa ikiwa tupu, ilikwenda peke yake maili 16 zaidi, yaani kama kilometa 26. Ikashuka taratibu, ikateleza kwa tumbo juu ya nchi tambarare, ikavunjika nyuma ya mabawa, ikatulia. Haikuwaka moto. Ndani yake mlibaki maji kidogo, chakula kidogo, na simu ya upepo iliyokuwa nzima. Kutoka hapo mpaka Soluch ni zaidi ya kilometa 700.

Gizani wale vijana walitafutana. Wakakutana wanane. Wa tisa, Woravka, hakuonekana. Mwavuli wake haukufunguka sawasawa, akaanguka akafa; lakini wenzake hawakujua, wakadhani amepotea tu.

Sasa naomba msome pamoja nami. Nitasoma polepole, nanyi mfuate kwa kidole katika karatasi zenu.

Walikuwa tisa.
Mmoja hakuonekana.
Wanane walikwenda kwa miguu.
Walikuwa na chupa moja ya maji.
Maji yalijaa nusu tu.

(Darasa lisome tena bila mwalimu.)

Tumejuaje habari hizi? Hakuna aliyerudi kuzisimulia. Tumejua kwa sababu Luteni Toner aliweka daftari mfukoni, na kila siku aliandika mistari michache. Sitaisoma kama alivyoiandika. Nitawaeleza kwa maneno yangu.

Siku ya kwanza aliandika kwamba wamepotea, mafuta yamekwisha, wameruka, wameangukia jangwani, na John hawamwoni.

Jumatatu walianza kwenda upande wa kaskazini-magharibi, wakiamini kwamba uwanja wao na bahari viko huko na si mbali sana. Katika upande hawakukosea, maana bahari iko huko kweli. Katika umbali walikosea sana. Ndege yao na maji yake ilikuwa upande mwingine, nyuma yao, nao hawakujua imeangukia wapi. Kila hatua iliwaondoa mbali nayo. Sisemi kwamba kama wangeipata wangepona kwa hakika. Nasema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kipimo chao cha maji kilikuwa kifuniko kimoja cha chupa kwa kila mtu kwa siku. Mwalimu, kama unacho kifuniko cha chupa, waonyeshe. Mkulima anayelima asubuhi moja tu hunywa vifuniko vingapi? Na usiku, ambapo tungedhani watapata nafuu, baridi ya jangwa ilikuwa kali hata hawakupata usingizi.

Jumanne mchana jua liliwachoma na upepo haukuvuma. Wakabadili desturi: wakapumzika mchana, wakaenda jioni na usiku. Walitembea dakika kumi na tano, wakapumzika tano, wakaondoka tena. Huu ni mwendo wa watu wenye akili na umoja. Hawakutawanyika, hawakunyang'anyana chupa. Jumatano Toner aliandika kwamba wote wanadhoofika, na kwamba wanasali wakati wote.

Alhamisi wakafika penye vilima vya mchanga. Mpaka hapo walikuwa wakikanyaga changarawe ngumu, sasa mguu unazama na mchanga unapeperuka usoni siku nzima. Macho ya LaMotte yakaharibika, akawa haoni, na macho ya wengine nayo yalikuwa mabaya. Siku hiyo walidhani Adams na Moore hawataweza kuendelea tena.

Basi kesho yake, Ijumaa tarehe 9 Aprili, walio na nguvu kidogo wakasema watatangulia kutafuta msaada. Walikuwa watatu: Shelley, Ripslinger, na Moore yule yule waliyedhani jana amekwisha. Watano wakabaki: Hatton, Toner, Hays, LaMotte na Adams. Wakabaki na mwavuli mmoja wa kujifunika. Toner akaandika bila kuficha kwamba wamechoka kiasi cha kutamani kufa. Jumamosi waliona ndege wawili hivi, wa manyoya, si wa injini. Jumapili maji yalikuwa ya kugusa ulimi tu, lakini akaandika kwamba bado wanatumaini msaada utakuja, na kwamba kama wangekuwa na maji wangeweza kufika.

Jumatatu tarehe 12 Aprili aliandika mstari mfupi: msaada haujafika, usiku ulikuwa baridi sana. Baada ya hapo ukurasa ni mweupe.

Huko Soluch watu waliitafuta ndege hiyo. Waliitafuta wapi? Baharini. Mtu yeyote angetafuta huko, maana kituo kilikuwa kimesema ndege iko upande wa bahari. Hawakuona kitu. Ikaandikwa kwamba imepotea, na baadaye wale tisa wakahesabiwa kuwa wamekufa. Wazazi wao huko Marekani wakapata habari hiyo kwa barua, bila mwili wala kaburi. Ninyi mliowahi kufiwa na mtu wa mbali mnajua jinsi matanga ya namna hiyo yalivyo mazito. Unalia, lakini sikio bado liko mlangoni.

Vita vikaisha. Miaka ikapita. Mwaka 1958 watu wa kampuni ya Waingereza waliokuwa wakitafuta mafuta ya petroli katika Libya waliruka juu ya jangwa lile, wakaona ndege kubwa imelala mchangani. Mwaka 1959 watu walifika kwa gari. Walistaajabu. Jangwa haliozeshi kitu. Bunduki zilikuwa bado zinapiga, simu ya upepo ilikuwa bado inafanya kazi, na chupa moja ilikuwa na kinywaji ambacho bado kilinyweka. Lakini ndani hamkuwa na mtu hata mmoja, wala mwavuli hata mmoja.

Jeshi la Marekani likatuma watu kutafuta. Wakaona alama ambazo vijana walikuwa wameziacha njiani ili wafuatwe: viatu vilivyopangwa kama mshale, vipande vya miavuli vilivyokandamizwa kwa mawe, na yale majaketi ya kuelea majini. Fikirini, majaketi ya maji yametupwa katika nchi isiyo na tone. Wakazifuata alama mpaka kwenye vilima vya mchanga, zikapotea. Wengi wakaamini kwamba mtu aliye dhaifu namna ile hawezi kuwa alipita hapo.

Alikuwa amepita. Mwezi wa Februari 1960 watu wa mafuta walikuta mabaki ya watu watano mahali pamoja, karibu kilometa 130 kutoka ndege ilipolala. Daftari lilikuwa kwa Toner. Waliokuwepo wakalifungua wakasoma, na kwa mara ya kwanza watu wakajua kwamba wale watatu walitangulia. Pasipo mistari ile, nani angejua kwamba kuna wengine wa kutafutwa mbele zaidi? Wakatafuta. Mwezi wa Mei 1960 Shelley alionekana zaidi ya kilometa 30 mbele ya wale watano, na Ripslinger zaidi ya kilometa 40. Kwa miguu, katika mchanga, karibu bila maji. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Woravka naye akaonekana, na mwavuli wake karibu naye. Mabaki yao yakarudishwa Marekani, wakazikwa.

Waliopatikana ni wanane. Vernon Moore, yule aliyedhaniwa amekwisha siku ya Alhamisi akaondoka kwa miguu siku ya Ijumaa, hajapatikana mpaka leo.

Watu huwakumbuka vijana hawa kwa njia mbalimbali. Katika kijiji cha Lake Linden, jimbo la Michigan, kwao LaMotte, panga la injini ya ndege ile limewekwa mbele ya nyumba ya baraza ya kijiji. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Tripoli walitengeneza dirisha la vioo vya rangi kanisani kwao kwa ajili ya wale tisa. Baadaye lilipelekwa katika jumba la makumbusho la jeshi la anga huko Dayton, jimbo la Ohio. Na mabaki ya ndege yenyewe yaliondolewa jangwani mwaka 1994 na watu wa Libya, yakapelekwa katika kambi karibu na Tobruk.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini Toner hakuandika mengi zaidi, hasa ya kuwaaga jamaa zake. Sijui nani angeweza kumlaumu. Macho mabaya, mkono unatetemeka, midomo imepasuka. Aliandika yaliyomhitaji mtu ambaye atakuja kuwatafuta: siku gani, upande gani, nani yuko, nani ameondoka. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika aliyoijua, akaifanya mpaka siku ya mwisho.

Sasa tufanye zoezi. Fungueni daftari zenu, ukurasa mpya. Juu andikeni siku na tarehe ya leo. Mstari wa pili, andikeni mahali mlipo. Mstari wa tatu, hali ya hewa: mvua, jua, upepo au baridi. Mstari wa nne, majina ya watu wawili mnaokaa nao benchi moja, na kama kuna mwenzenu hakuja leo, mwandikeni pia. Mistari minne inatosha. Asiyeweza kumaliza jina, aandike herufi ya kwanza, na mwalimu atamsaidia. Walimu, msisahihishe kwa wino mwekundu leo. Sahihisheni majina tu, maana jina la mtu halifai kukosewa.

Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kupima shamba kwa hatua. Kila darasa lije na kamba yenye urefu wa mita kumi. Kwa herini.